Alikabwa shingo na hana alama mwilini: je, arudi kwa mumewe?

"Daktari, mdogo wangu wa kike ana miaka 27, ameolewa miaka sita, ana watoto wawili. Siku tisa zilizopita mumewe aliongeza sauti ya redio, akafunga mlango, akamkaba shingo kwa mikono miwili mpaka akapoteza fahamu. Alipozinduka alikuta amejikojolea, mume ameketi kitandani anamwangalia. Alfajiri alikimbilia kwa wazazi wetu na mtoto mdogo. Mkubwa, wa miaka 5, amebaki kwa baba yake. Polisi walimtazama wakasema hana jeraha, tukayamalize nyumbani. Sauti yake inakwaruza, mama anasema ni mafua. Akisimulia anachanganya, leo hivi kesho vile, mpaka na mimi nimeanza kuwa na shaka. Baba mkubwa ameitisha kikao wiki ijayo, upande wa mume watakuja kuomba radhi, na mahari ilishaliwa. Kaka zetu wanataka kwenda kumpiga. Mwenyewe anataka kurudi kwa sababu ya mtoto, na pia hana kazi, nyumba wamejenga kwa pesa ya mume. Je, arudi? Na kama kweli alitaka kumuua, si angemuua?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Nianze na la haraka. Kabla ya kikao, kabla ya kurudi polisi, kabla ya mtu yeyote kutaja tena mahari, mdogo wako apelekwe hospitali. Iwe kesho asubuhi. Siku tisa zinaonekana nyingi, lakini kwa mtu aliyekabwa shingo mpaka akazimia bado yumo ndani ya kipindi cha hatari, na nitakueleza kwa nini.

Watu wengi wakisikia "kakabwa" hufikiria pumzi. Hudhani shida ni hewa kushindwa kupita kooni, kwa hiyo akishaachiwa na akavuta pumzi, mambo yamekwisha. Sivyo mwili unavyofanya kazi. Shingoni, kulia na kushoto, inapita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo na mingine inayoirudisha. Mishipa hiyo iko karibu na ngozi na hubanwa kirahisi kuliko koo la hewa. Mwanaume akikusalimia kwa kukukaza mkono, nguvu anayotumia ni kubwa kuliko inayohitajika kuiziba. Damu ikikatika, fahamu hupotea ndani ya sekunde kama 10. Akiendelea kubana, sekunde chache baadaye kibofu huachia. Dakika chache mbele ya hapo ni kifo.

Sasa rudi kwenye maneno yako mwenyewe: alizimia, na alipozinduka alikuwa amejikojolea. Najua hilo ndilo analoona aibu kulitaja, na pengine hakulisema polisi. Kitabibu ndilo jambo zito kuliko yote uliyoandika. Linatuambia ubongo wake ulikaa bila damu ya kutosha kwa muda gani, na kwamba kati yake na kaburi zilibaki pumzi za kuhesabu. Usimwache alibebe kama aibu. Mwambie ni ushahidi.

Sauti inayokwaruza si mafua. Ni koromeo lililobanwa likavimba. Na kuhusu kuchanganya kwake, ningependa ulisome hili kwa makini, kwa kuwa limewaponza wanawake wengi mbele ya polisi na mbele ya ndugu zao. Sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya ni miongoni mwa zinazoumia mapema damu inapokatika. Mtu aliyekabwa mpaka akazimia mara nyingi hajui alizimia kwa muda gani, hukosa vipande vya tukio, huvipanga leo hivi na kesho vile kwa sababu kichwa chake kinajaribu kuunganisha kamba iliyokatika. Huo si uongo. Mtu anayesema uongo kwa kawaida ana hadithi iliyonyooka. Shaka yako naielewa, lakini iweke chini, kwani akiiona machoni pako hatakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Na alama? Mwaka 2001 zilichapishwa taarifa za kesi 300 za kukabwa shingo zilizopita mikononi mwa polisi wa San Diego, Marekani. Katika nusu ya kesi hizo polisi hawakuona alama yoyote mwilini. Nyingine nyingi zilikuwa na alama hafifu mno hata kupigwa picha hazifai. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa shingoni huonekana kwa shida zaidi. Kwa hiyo askari aliyemtazama shingoni akasema hana jeraha alitazama mahali ambapo jeraha hili mara nyingi halionekani.

Hospitali wanatafuta nini, basi? Hatari inayotutia hofu ni kuchanika kwa ukuta wa ndani wa mshipa mkubwa wa shingo. Mahali palipochanika damu huganda taratibu, na siku au wiki kadhaa baadaye pande la damu iliyoganda linaweza kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Hapo binti wa miaka 27 anapata kiharusi, na nyumbani wanasema amerogwa. Kipimo cha kuuona mchaniko huo ni picha ya CT ya mishipa ya shingo. Nikuambie ukweli, hakipo kila hospitali na si rahisi kwa bei. Kama hospitali yenu ya wilaya haina, daktari bado anaweza kumpima shingo, koo, macho, nguvu za mikono na miguu, na kuamua kama apewe rufaa. Lakini mkimwona mdogo wako na dalili yoyote kati ya hizi msisubiri asubuhi: uso au mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kumkwama, kuona ukungu au kuona vitu viwili viwili, maumivu makali ya shingo au ya kichwa upande mmoja, kumeza kwa shida, pumzi kumbana. Hiyo ni dharura ya saa ile ile. Na kama kuna uwezekano ana mimba, amwambie daktari.

Sasa swali lako: "Kama kweli alitaka kumuua, si angemuua?"

Nimelisikia swali hili mara nyingi, na linatoka kwa watu wenye nia njema. Lakini hebu tazama alichofanya. Aliongeza sauti ya redio kwanza, kisha akafunga mlango. Mtu aliyepandwa na hasira asiyejua atendalo hakumbuki redio. Na mkewe alipozinduka, alikuta ameketi anamwangalia. Mume huyu hakuhitaji kumuua ili apate alichokitaka. Alimwonyesha kwamba uhai wake uko kwenye viganja vyake viwili, na anaweza kumpa au kumnyima. Mtaani mnaita kabali au roba, watu wanaitaja kwa kicheko kama mchezo wa vijana. Ndani ya ndoa ni kitu kingine kabisa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwalinganisha wanawake waliouawa na wenzi wao na wanawake waliopigwa lakini hawakuuawa. Aliyewahi kukabwa shingo na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa kuja kuuawa zaidi ya mara saba. Kofi ni ukatili, ngumi ni ukatili, sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimevipunguza. Lakini mkono ukishafika shingoni, ukatili umeingia daraja jingine, na mazungumzo ya familia nayo lazima yabadilike.

Kwa hiyo jibu langu: hapana, asirudi. Si kwa kikao hiki, na si kwa radhi hiyo. Radhi haipunguzi hatari. Wanaume wengi huomba radhi kwa dhati kabisa, hulia, huja na wazee, huleta zawadi, na miezi sita baadaye mikono iko palepale. Mimi si mpinzani wa usuluhishi. Wazee wametunza ndoa nyingi zilizokuwa na ugomvi wa fedha, wa mawifi, hata wa michepuko. Lakini usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema yaliyomo moyoni bila kuogopa. Mdogo wako ataketi kwenye mkeka mita mbili kutoka kwa mtu aliyemzimisha siku chache zilizopita, aulizwe mbele ya wakwe, "Mama, umemsamehe mwenzio?" Atajibu nini? Kama kikao hakizuiliki, basi wakae wazee peke yao, na yeye asiwepo.

Kuhusu mahari. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50 sasa. Mahari iliyoliwa haikununua shingo ya mtu. Mwambie baba mkubwa kwa heshima, tena mwambieni faraghani kabla ya kikao, asiaibike mbele ya wageni. Akielezwa na daktari kwamba binti yake alizimia akajikojolea, mzee ambaye jana alisema "arudi" mara nyingi hunyamaza. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja.

Na mama, msimlaumu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015–16, wanawake 58 kati ya kila 100 Tanzania walikubali kwamba ipo angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe. Mama yenu amekulia humo, pengine mwenyewe amevumilia mengi asiyowahi kuwasimulia. Anaposema "ni mafua" huenda anajikinga na kitu asichoweza kukitazama.

Kaka zenu wasiende. Tafadhali wazuieni. Wakimpiga, kesho yake yeye ndiye mlalamikaji, kaka ndio wako mahabusu, na kesi ya dada yenu inageuka ugomvi wa shemeji na mashemeji. Kibaya zaidi, aliyeaibishwa na wanaume wenzake hatawarudishia wao. Atamrudishia yeye. Kama wana nguvu na muda, wawe wa kumsindikiza hospitali na polisi, na walale hapo nyumbani kwa wazazi wiki hizi.

Rudini polisi, lakini safari hii mwende mkijua mnachokitafuta. Ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto, msiishie kaunta. Lalamiko liandikwe, mpewe namba ya RB, yaani namba ya lalamiko lenu kwenye kitabu cha polisi, na PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ambayo hutolewa bure. Fomu hiyo daktari ataijaza, na hapo ndipo mengi yanapoharibika, maana kikiandikwa tu "alipigwa, hana jeraha", hakimu hana cha kushika. Daktari aandike kwamba alikabwa kwa mikono miwili, alipoteza fahamu, alijikojolea, sauti imebadilika, na kumeza kukoje. Macho yakaguliwe, ndani ya kope pia, na nyuma ya masikio, kutafuta vidoa vidogo vyekundu. Nyumbani mpigeni picha za shingo na uso, na mrekodi sauti yake kwenye simu leo, kisha tena baada ya siku tatu. Ule mkwaruzo ni ushahidi unaopotea kila siku. Akisimama askari wa kuwarudisha tena nyumbani, ombeni kumwona mkuu wa kituo. Na mkiambiwa mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, si kweli pale ambapo kosa limetendwa juu ya mwili wake mwenyewe.

Baadhi ya hospitali za mikoa na wilaya zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi, afisa ustawi wa jamii na mshauri nasaha wanapatikana sehemu moja. Ulizeni kama yenu inacho, kitawapunguzia kuzunguka na kumsimulisha mara nne. Niongeze kwa wasomaji wengine: mwanamke aliyebakwa, awe ni nani aliyemfanyia, afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia VVU. Mapema zaidi ni bora zaidi.

Siwezi kukuahidi kwamba kesi itakwenda vizuri. Tanzania Bara bado hatuna sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Kenya wanayo tangu 2015, Uganda tangu 2010, na huko mahakama inaweza kumpa mwanamke amri ya kumzuia mume asimkaribie. Kwetu tunaegemea Kanuni ya Adhabu. Shambulio la kudhuru mwili lina kifungo cha hadi miaka 5, lakini bila taarifa nzuri ya daktari mashtaka hushushwa kuwa shambulio la kawaida. Kesi nyingine hufa kwa sababu ndugu wamekubaliana nje. Hata hivyo lalamiko lililoandikwa lina kazi yake hata kama halifiki hukumu. Litahitajika akiomba talaka au watoto, na mume anayejua jina lake limo kwenye kitabu cha polisi, mara nyingine hufikiri mara mbili. Na kwenye shauri la ndoa mahakama ina uwezo wa kumwamuru aache kumsumbua. Muoneni wakili au msaidizi wa kisheria. Mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC na LHRC wanatoa msaada bila malipo kwa wasio na uwezo. Mtasikia kwamba hakuna talaka bila kupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kwa kawaida ni kweli, ingawa sheria inaruhusu kulivuka kwa mazingira ya pekee. Ila baraza hilo ni kwa ajili ya talaka. Kuripoti kosa la jinai hakungoji baraza lolote.

Nyumba isimrudishe. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea kwake kwa miaka sita kumo ndani ya matofali yale.

Mtoto ndiye anayemvuta, na hapo namwelewa kabisa. Sheria ya Ndoa inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vingine. Huyu ana mitano. Lakini mdogo wako asiende kumchukua mwenyewe, hata kwa dakika tano, hata akiitwa kwa simu kwamba mtoto ana homa. Mwende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mtoto afuatwe pamoja naye au na polisi. Nasisitiza kwa sababu wiki baada ya mwanamke kuondoka ndizo zenye hatari kubwa. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa na aliyekuwa mwenzi wake nyumbani kwake Kenya tarehe 1 Septemba 2024, akafariki siku nne baadaye. Uhusiano ulikuwa umekwisha. Mwenzi wake hakuwa amekubali uishe.

Kwa hiyo pale kwa wazazi mjumbe na majirani wawili waaminifu waambiwe. Mlango ufungwe jioni. Simu yake abadilishe namba ya siri, na ya pesa pia. Namba 112 ya dharura iwe kichwani mwa kila mmoja. Kama mume amewahi kumtishia kwa panga, petroli au mafuta ya taa, hilo lisemwe polisi neno kwa neno.

Na kama pamoja na yote haya atarudi? Inawezekana. Wanawake wengi huondoka na kurudi zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja, na wanaopona mara nyingi ni wale ambao ndugu hawakuwafungia mlango kwa hasira. Usimwambie "ukirudi usinitafute". Mwambie nauli yake iko kwako, na kwamba hata saa nane za usiku apige. Mpatane neno moja la kawaida, kwa mfano "nitumie ile kanga", litakalomaanisha njoo sasa. Kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto vikae kwako. Ugomvi ukianza asikimbilie jikoni kwenye visu wala chumba kisicho na mlango wa pili. Mikono ikielekea shingoni, ashushe kidevu kifuani, ajipindue na kupiga kelele kadiri awezavyo. Kisha, hata kama ameachiwa baada ya sekunde tano tu, aje hospitali.

Kesho mkifika mapokezi, neno "alipigwa" liacheni. Semeni hivi: "Alikabwa shingo, akapoteza fahamu, alijikojolea, ni siku ya kumi leo." Maneno hayo yanambadilishia daktari namna ya kumpima. Omba chumba ambacho mtoto na ndugu wengine hawapo. Akianza kusimulia akakwama katikati, usimmalizie sentensi. Msubiri.